Ndani ya Chujio la Damu: Kikwazo Kiko Wapi?

Chujio linalofungwa kwenye mashine ya dayalisisi, lile ambalo wengi hulijua kwa jina la figo bandia, ni bomba la plastiki angavu lenye urefu wa kama mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Ndani yake mna fungu la nyuzi nyeupe zipatazo 10,000, zimeshikwa ncha zote mbili kwa gundi ngumu ya poliyurethani. Kila uzi una tundu katikati, na kipenyo cha tundu hilo ni mikromita 200 hivi, yaani sehemu ya tano ya milimita. Damu hupita ndani ya nyuzi. Maji ya dayalisisi, yaliyotiwa chumvi kwa vipimo maalumu, hupita nje yake, katika nafasi zilizobaki kati ya uzi na uzi. Tukichukua kila uzi kuwa na urefu wa sentimita 25, tunapata ukuta wenye eneo la mita ya mraba moja na nusu hivi, ilhali damu yote iliyomo nyuzini kwa wakati mmoja haifiki hata mililita 80. Pampu ikiisukuma damu kwa mililita 300 kwa dakika, kila tone lina sekunde 16 tu kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea. Katika sekunde hizo urea, kreatinini na potasiamu iliyozidi lazima viiache damu, vivuke ukuta na kuingia upande wa pili.

Nimelichagua chujio hili kwa sababu ndilo mfano ulio karibu nasi zaidi wa tatizo pana la uhandisi: namna ya kuhamisha vitu kutoka kimiminika kimoja kwenda kingine wakati vyote viwili vinapita katika vijia vidogo. Tatizo hilohilo liko katika maabara zinazopima damu kwenye kipande cha kioo, na katika viwanda vinavyotenganisha madini kwa kutumia viyeyusho. Hoja yangu ni kwamba udogo wa vijia hutupa faida moja kubwa mara moja tu, na baada ya hapo kila hatua ya maana hupatikana kwa kutafuta mahali penye ukinzani mkubwa kuliko pengine na kuupanga upya mtiririko mahali hapo. Anayeongeza nguvu bila kujua kikwazo kiko wapi hulipa sana na kupata kidogo. Nitajitahidi kuonyesha hilo kwa hesabu, kisha kwa majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa, likiwemo moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza linaonekana kuivunja hoja yenyewe.

Mwaka 1883 Osborne Reynolds, mhandisi aliyefundisha Manchester, alichapisha jaribio ambalo hadi leo hufundishwa kila chuo cha uhandisi. Alipitisha mstari mwembamba wa rangi katikati ya maji yaliyotiririka ndani ya mrija wa kioo. Maji yalipokwenda polepole, mstari ulibaki umenyooka mrija mzima. Yalipozidi kasi fulani, mstari ulivunjika na rangi ikatapakaa kote. Mpaka kati ya hali hizo mbili hupimwa kwa namba inayolinganisha msukumo wa mwendo na mnato wa kimiminika, na katika mrija wa kawaida msukosuko hauanzi hadi namba hiyo ifike 2,000 na ushei. Kwa damu iliyo ndani ya uzi wetu, inayokwenda sentimita moja na nusu hivi kwa sekunde, namba hiyo ni kama 1. Haikaribii mpaka hata kidogo. Damu hupita kwa matabaka yaliyotulia, tabaka la katikati likitangulia na lile linaloshika ukuta likiwa karibu limesimama, na hakuna tabaka linaloingia katika jingine. Kuchanganya kwa msukosuko, ambako mafundi wa mapipa makubwa hukutegemea bila hata kukufikiria, hapa hakupo.

Kinachobaki ni usambaaji, yaani kutangatanga kwa molekuli zenyewe kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Adolf Fick aliuandikia kanuni mwaka 1855, na ndani ya kanuni hiyo mna jambo linaloamua karibu kila kitu katika mada yetu: muda wa kusambaa hukua kwa mraba wa umbali. Molekuli ndogo ndani ya maji huhitaji kama sekunde 10 kusafiri mikromita 100, ambao ndio umbali kutoka katikati ya uzi wetu hadi ukutani. Kusafiri sentimita moja huichukua zaidi ya siku nzima. Umbali umeongezeka mara 100, muda umeongezeka mara 10,000. Linganisheni sekunde hizo 10 na sekunde 16 ambazo damu inazo ndani ya chujio, nanyi mtaona kwamba kipenyo cha mikromita 200 hakikuokotwa tu. Ni kipimo kinachoipa urea muda wa kutosha kufika ukutani kabla damu haijatoka.

Historia nayo yaonyesha jinsi faida hiyo ilivyofikiwa kwa safari ndefu. Thomas Graham, mkemia wa Uskoti, alionyesha mwaka 1861 kwamba utando unaweza kutenganisha vitu vidogo na vikubwa vilivyoyeyuka pamoja, na ndiye aliyeliita jambo hilo dayalisisi. Mwaka 1913 John Jacob Abel na wenzake huko Baltimore waliipitisha damu ya mbwa katika mirija ya kolodioni, wakiizuia isigande kwa dawa iliyokamuliwa kutoka vichwa vya ruba. Willem Kolff, daktari wa Kampen nchini Uholanzi, alitengeneza mashine yake mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani. Aliuzungusha mrija mrefu wa selofani, ule wa kufungia soseji, kwenye pipa la vijiti vya mbao lililozunguka ndani ya beseni kubwa la maji. Mgonjwa wake wa kwanza kupona kwa mashine hiyo, mwanamke wa miaka 67, alitibiwa mwaka 1945. Mashine ilifanya kazi, lakini ilikuwa na ukubwa wa meza na ilihitaji damu nyingi nje ya mwili. Nyuzi zenye tundu zilipoingia, kutokana na kazi ya Richard Stewart na kampuni ya Dow huko Marekani katika miaka ya 1960, eneo lilelile liliweza kukaa ndani ya bomba linaloshikwa kwa mkono mmoja.

Basi kwa nini tusiendelee kupunguza? Kama mraba wa umbali ndio unaotawala, uzi wa mikromita 100 ungeufupisha muda mara nne, na wa mikromita 50 mara 16. Hesabu ya upande wa pili ndiyo inayotuzuia. Ukikata kipenyo nusu na kubakiza idadi ileile ya nyuzi, shinikizo la kuisukuma damu ileile hupanda mara 16. Chujio ambalo leo hula makumi ya milimita za zebaki lingedai zaidi ya 1,000, na hakuna mrija wala mshipa wa mgonjwa uliotengenezwa kwa shinikizo hilo. Mtu anaweza kujibu kwamba tuzidishe idadi ya nyuzi mara nne ili kasi ibaki palepale. Sawa, hapo shinikizo hupanda mara nne tu, lakini sasa tuna nyuzi 40,000 zenye matundu membamba, na damu si maji: hugusa ukuta, huganda, na uzi ulioziba hauzibuki. Zaidi ya hayo, tukishaipa urea muda wa kutosha kufika ukutani, kuupunguza muda huo zaidi kunatatua tatizo ambalo si kubwa tena. Wabunifu wengi wa vijia vidogo hunogewa na udogo kwa ajili ya udogo, na mimi naona hapo ndipo fedha nyingi hupotelea.

Tazameni badala yake jambo lisilogharimu kitu, nalo ni mwelekeo wa mtiririko. Chukueni chujio ambalo uwezo wake wa kupitisha urea, kwa kipimo cha wahandisi, ni mililita 800 kwa dakika, damu ikienda kwa 300 na maji kwa 500. Vimiminika vyote viwili vikienda upande mmoja, chujio litasafisha mililita 185 za damu kwa dakika. Geuza mpira mmoja, maji yaingie pale damu inapotokea, na chujio lilelile litasafisha 248. Ni ongezeko la theluthi moja, bila utando mpya wala tone moja la maji zaidi. Sababu yake ni rahisi. Vikisafiri pamoja, damu huchafua maji yanayoandamana nayo hadi tofauti kati yake iishe, na hapo uhamaji husimama. Kwa viwango hivyo, mfumo wa pamoja hauwezi kuvuka mililita 187 na nusu hata utando uwe na eneo la uwanja wa mpira. Vikipishana, damu iliyokwisha kusafishwa nusu hukutana na maji ambayo ni safi zaidi, na tofauti inayovuta urea hubaki hai njia nzima.

Hesabu hiyohiyo hutuonyesha mipaka ya nguvu. Tukiuongeza maradufu uwezo wa utando, kutoka 800 hadi 1,600, usafishaji hupanda kutoka 248 hadi 285 tu, kwa sababu hakuna chujio linaloweza kusafisha damu zaidi ya ile iliyoletwa, na iliyoletwa ni 300. Tukibaki na utando wa 800 na kuongeza maji kutoka mililita 500 hadi 800, tunafika 262. Asilimia 60 zaidi ya maji kwa chini ya asilimia 6 ya faida. Katika kipindi cha saa nne, hiyo ni tofauti ya lita 120 na lita 192 kwa mgonjwa mmoja, na hatujahesabu maji ambayo mtambo wa kusafishia huyatupa ili kupata hayo safi. Hospitali ya mkoa inayoletewa maji kwa boza inajua gharama ya lita hizo 72.

Mhandisi makini atapinga hapa kwamba hesabu yangu imechukulia uwezo wa utando kuwa kitu kisichobadilika. Pingamizi ni la haki, na jibu lake ndilo sehemu inayonivutia zaidi katika habari hii yote. Molekuli ya urea hukutana na vikwazo vitatu vilivyofuatana: tabaka la damu karibu na ukuta, ukuta wenyewe, na tabaka la maji upande wa nje. Ukinzani wa vyote vitatu hujumlishwa, kwa hiyo kile kikubwa ndicho kinachotawala. Kwa muda mrefu utando ndio uliolaumiwa, na watengenezaji wakaufanya mwembamba na wenye vitundu vingi zaidi. Lakini mwaka 1997 J. K. Leypoldt na wenzake walionyesha kwamba uwezo wa machujio, ule ambao nadharia ilisema ni tabia ya utando, ulipanda maji yalipopandishwa kutoka mililita 500 hadi 800 kwa dakika. Utando haujui kasi ya pampu. Kama uwezo hupanda pale maji yanapoongezwa, basi ukinzani ulikuwa nje ya nyuzi, kwenye maji, na pengine sehemu ya utando ilikuwa haifikiwi na maji mapya kabisa.

Claudio Ronco na wenzake nchini Italia walilifuata jambo hilo kwa macho. Mwaka 2002 walichapisha picha za machujio yaliyopitishiwa dawa inayoonekana kwa eksirei, yakiwa ndani ya mashine ya CT. Katika chujio lenye nyuzi zilizonyooka, maji yalipendelea pembeni mwa fungu, na katikati, ambako nyuzi zimebanana, yalichelewa. Mkulima wa mpunga anayemwagilia kwa mifereji anaujua mwenendo huo: maji yakipata mfereji mpana, majaruba ya katikati hubaki makavu hata ukifungulia lango lote. Dawa yake haikuwa kuongeza maji. Katika chujio jingine nyuzi zilikuwa zimekunjwa mawimbi madogo ili zisilaliane, na maji yalisambaa kwa usawa zaidi na urea ikaondoka zaidi. Majaribio ya baadaye, kwa machujio yaliyoboreshwa kwa njia ya namna hii, yameonyesha kuwa kupandisha mtiririko kutoka mililita 600 hadi 800 hakuleti faida ya kutajika. Kikunjo kidogo kwenye uzi kimechukua nafasi ya makumi ya lita za maji.

Kuna pingamizi kutoka kwa wenzetu wa maabara za vijia vidogo. Watasema kwamba mbinu bora zaidi ya kuchanganya inajulikana tangu mwaka 2002, Abraham Stroock, George Whitesides na wenzao walipochapisha katika jarida la Science kijia chenye vijimfereji vya mshazari vilivyochorwa sakafuni. Vijimfereji hivyo huyazungusha matabaka yaliyotulia na kuyakunja mara kwa mara, hadi umbali ambao molekuli inatakiwa kusafiri yenyewe unakuwa mfupi sana. Matokeo yalikuwa ya kushangaza kweli: walipozidisha kasi mara mia kadhaa, urefu wa kijia uliohitajika uliongezeka kutoka sentimita 0.7 hadi 1.7 tu, ilhali katika kijia kitupu cha upana wa mikromita 200 ungedaiwa urefu wa zaidi ya mita 100. Pia wako wanaovikata vimiminika viwili visivyochanganyika kuwa vipande vinavyofuatana ndani ya mrija, kila kipande kikijizungusha ndani kwa msuguano wa ukuta na kuleta sura mpya mpakani. Nakubali yote hayo, na mahali ambapo kikwazo ni kuchanganyika ndani ya kimiminika chenyewe, hizo ndizo mbinu za kufuata. Lakini kwa damu, kila kona na kila shimo ni mahali pa chembe kusimama na kuganda, na tumekwisha kuona kwamba upande wa damu haukuwa ndio mbaya zaidi. Mbinu ni nzuri, mahali pake ni pengine.

Hali hubadilika tunapoacha urea na kutazama molekuli kubwa. Protini iitwayo beta-2-maikroglobulini ina uzito karibu mara 200 ya ule wa urea. Husambaa polepole mara kumi au zaidi, na vitundu vya utando huibana. Mwaka 1985 ilitambuliwa kuwa ndiyo inayojijenga katika viungo vya wagonjwa waliokaa miaka mingi kwenye dayalisisi na kuwaletea maumivu. Hapa kikwazo ni utando pamoja na uvivu wa usambaaji wenyewe, na wala mikunjo ya nyuzi wala maji ya ziada havisaidii kitu. Njia iliyobaki ni kuyalazimisha maji ya damu yapenye ukuta kwa shinikizo, yaizoe protini hiyo njiani, kisha kumrudishia mgonjwa maji safi badala yake. Figo ya asili hufanya hivyohivyo: huchuja kama lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote. Jaribio la CONVINCE, lililofanywa Ulaya kwa wagonjwa 1,360 na kuchapishwa mwaka 2023, lililenga kuchuja angalau lita 23 kwa kipindi. Kati ya waliotibiwa kwa njia hiyo, waliofariki walikuwa asilimia 17.3, na kwa dayalisisi ya kawaida yenye utando wa vitundu vikubwa asilimia 21.9. Nisiwafiche kwamba waliochaguliwa ni wale waliotarajiwa kuhimili mtiririko mkubwa wa damu, na kwamba maji yanayoingizwa moja kwa moja katika damu lazima yawe safi kwa kiwango ambacho vituo vingi vyetu vitalazimika kugharimia upya.

Sasa lile jaribio gumu. Utafiti uitwao HEMO, wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, uliwagawa wagonjwa 1,846 wanaosafishwa mara tatu kwa wiki: wengine walipewa kipimo cha kawaida cha kuondoa urea na wengine cha juu, wengine utando wa vitundu vidogo na wengine wa vikubwa. Vifo havikutofautiana kwa kiwango cha kutegemewa. Mtu anaweza kusema basi, mhadhara umekwisha, kuboresha uhamaji ndani ya chujio ni mchezo wa wahandisi. Mimi nausoma utafiti huo kinyume chake. Chujio ni mojawapo tu ya vizuizi vilivyofuatana, na mwili wa mgonjwa ni kingine. Urea nyingi iko ndani ya seli na katika misuli inayopata damu kidogo, na lazima kwanza itoke huko iingie katika damu. Chujio linaposafisha damu kwa kasi kuliko mwili unavyoleta, damu huonekana safi mwisho wa kipindi, kisha ndani ya nusu saa hadi saa moja urea hupanda tena. Kikwazo kilikwisha kuhama kutoka nyuzini kwenda mwilini, na utafiti ulikuwa ukipanua mlango uliokuwa wazi tayari.

Fosfeti ndiyo inayoonyesha hilo wazi zaidi. Katika saa ya kwanza na ya pili hushuka haraka ndani ya damu, halafu hukaa palepale, kwa kuwa mwili huitoa kwenye seli na mifupa kwa mwendo wake wenyewe usiojali ubora wa chujio. Utafiti wa mwaka 2010 wa wagonjwa 245 huko Amerika ya Kaskazini ulipoongeza vipindi kutoka vitatu hadi sita kwa wiki, fosfeti ilishuka na hali ya moyo ikawa bora, ingawa mishipa ya kuunganishia mashine ilihitaji kurekebishwa mara nyingi zaidi. Nchini Kenya bima ya taifa kwa miaka mingi ililipia vipindi viwili kwa wiki. Ikiwa kila kimoja ni cha saa nne, hizo ni saa 8 kati ya 168. Kwa ajili ya mgonjwa wa namna hiyo, mtu anayepanga bajeti ya kituo akiwa na fedha za kununulia ama machujio ya bei ya juu ama saa za ziada za muuguzi na kiti, aanze na saa. Saa ya tano kitini humwondolea mgonjwa fosfeti ambayo chujio la bei maradufu halingeifikia katika zile nne, maana wakati huo ilikuwa bado haijaingia katika damu.